Namna ya Kuacha Jina Litakalodumu: Mwongozo kwa Mkazi wa Lubumbashi

Watu wanaotaka kujulikana huona haya kulisema. Hapa Lubumbashi mtu atakuambia bila kusita kwamba anatafuta kazi, mtaji au viza, lakini ni nadra akiri kwamba angependa wajukuu wa jirani yake walijue jina lake miaka sitini baada ya yeye kuzikwa. Tamaa hiyo ipo hata hivyo, na haikuanza leo: wafalme waliiwekea wataalamu, matajiri wameifungulia mifuko, na yuko hata aliyeichomea hekalu. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye amekwisha kukiri moyoni mwake kwamba anaitaka sifa inayodumu, na sasa anauliza aanzie wapi. Sitamkemea, kanisani watamkemea vya kutosha. Nitamwonyesha yaliyofaulu na yaliyoshindwa katika mji huu na katika Katanga kwa jumla, kwa kuwa hapa, katika muda unaozidi kidogo miaka mia moja, majina mengi yamepandishwa kwa nguvu na kuteremshwa kwa nguvu ileile, huku machache ambayo hakuna aliyeyatarajia yakibaki midomoni mwa watu.

Amua kama unataka kuvuma au kudumu

Kuvuma kunanunulika. Yeyote anayesikiliza muziki wa Congo anaijua desturi ya kutupa libanga, ambapo mwimbaji hulitaja jina la mtu katikati ya wimbo, na huyo aliyetajwa, awe mfanyabiashara, mwanasiasa au kijana anayeishi Ulaya, huwa amelipa kwa pesa au kwa fadhila nyingine. Sikushauri uidharau desturi hii, maana imewalisha wanamuziki ambao mauzo ya nyimbo zao hayakuwalisha. Lakini chukua kanda ya miaka ya 1990 uisikilize kwa makini, kisha ujiulize mnunuzi alipata nini. Utayasikia majina mengi, yametamkwa kwa sauti nzuri na kwa mapenzi ya kutosha, nawe hutajua hata mmoja wao alifanya jambo gani duniani zaidi ya kulipa.

Mamlaka nayo ina namna yake ya kununua. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910 uliitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, na jirani yetu Likasi ikaitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Majina hayo yalichapishwa kwenye ramani na kwenye mihuri ya posta, yakafundishwa shuleni, na mwaka 1966 yakafutwa. Mobutu, ambaye yalifutwa chini ya utawala wake, naye aliliita ziwa Albert kwa jina lake mwenyewe katika miaka ya 1970, na alipoanguka mwaka 1997 ziwa halikuwa na sababu ya kuendelea kumkumbuka. Mwulize leo kijana wa miaka ishirini ziwa Mobutu liko wapi, atadhani unamtania.

Kipimo cha kutumia, basi, ni swali hili: nani atalitaja jina langu siku nitakapokuwa sina cha kumpa wala cha kumtishia nacho? Kama huwezi kumfikiria hata mtu mmoja, unachokitafuta ni kuvuma, na mwongozo huu hautakufaa sana.

Ipo pia njia ya uovu. Mwaka 356 kabla ya Kristo mtu aitwaye Herostratus alilichoma hekalu la Artemi huko Efeso, kwa shabaha ya kujulikana tu, na wenye mji wakapiga marufuku jina lake lisitajwe kamwe. Marufuku hayo yalishindwa: mwanahistoria mmoja wa Kiyunani aliliandika, ndiyo maana hata mimi ninaliandika. Sitasema, kwa hiyo, kwamba uovu haudumishi jina. Unalidumisha, ila hauhifadhi kingine chochote. Hatujui Herostratus alikuwa fundi wa nini, wala alimpenda nani. Wale wanaotukana watu kwenye simu kila asubuhi ili watajwe watapata kidogo kuliko yeye, kwa sababu wao hawana hata hekalu la kuchoma.

Fanya kitu ambacho wengine watataka kukirudia

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Mfikirie Jean Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka 1930 upande wa Bunkeya, palipokuwa makao ya mfalme Msiri, na mwaka 1952, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alirekodiwa huko Jadotville na Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake kukusanya muziki. Wimbo wake uitwao Masanga ulienea kwa santuri mpaka Afrika Mashariki na ya kusini, na baadaye ukawafikia wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani. Hakuwa na chama nyuma yake wala pesa za kutupia libanga. Alikuwa na gitaa moja, ambalo katika mikono yake lilisikika kama magitaa mawili: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kwa mwendo wake, kidole cha shahada kinaimba juu kwa mwendo mwingine, na masikio hayaamini kwamba aliyeketi pale ni mtu mmoja.

Angalia sasa sifa ilivyofanya kazi. Mpiga gitaa yeyote anayeusikia wimbo ule anataka kujua unapigwaje. Hawezi kujua bila kuketi siku nyingi akijaribu, na akishaujua anataka kumwonyesha mwenzake, naye mwenzake lazima aulize, "Huu ni wa nani?" Jina la Mwenda linasafiri ndani ya zoezi lenyewe, na kila mwanafunzi anakuwa mjumbe wake bila kuombwa wala kulipwa. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, lakini vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku hiyo wanahangaika na vidole vyao leo hii mbele ya wimbo wake.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza watu watakusifu kwa nini. Uliza watu watajifunza nini kutoka kwako ambacho hawawezi kukipata kwa kukutazama mara moja. Fundi wa mbabula, yaani jiko la makaa, aliyepata umbo linalochoma makaa machache anaweza kudumu, mradi awafundishe vijana na wao wakiite chombo kile kwa jina lake. Mwalimu wa hesabu wa mtaa wa Katuba aliyebuni namna ya kuwafafanulia watoto sehemu na desimali anaweza kudumu katika walimu wengine. Mama anayetengeneza kiungo cha chakula, akaificha siri yake mpaka kaburini, atasifiwa mezani na kusahauliwa pamoja na ladha. Hapa mafundi wetu hukosea mara nyingi: wanaificha siri ili wasiibiwe, na wanafaulu, na ndiyo sababu sifa haiwafuati popote.

Jambo la pili katika sehemu hii ni kwamba kazi kubwa huhitaji ishara ndogo ya kuibebea. Timu ya TP Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, imelitwaa kombe la klabu bingwa la Afrika mara tano, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Fainali iliipoteza kwa Inter ya Milano, mabao 3 kwa 0. Waulize watu wa nje wanakumbuka nini. Watakuambia habari za golikipa aliyeketi chini na kurukaruka uwanjani kwa makalio yake, miguu imenyooshwa mbele. Robert Kidiaba alikuwa golikipa hodari kabla na baada ya hapo, na bila ushindi ule mruko wake ungekuwa kichekesho cha jioni moja. Lakini ushindi bila mruko ungebaki katika orodha za matokeo, ambazo husomwa na wachache. Mruko mtoto wa mtaa wa Kamalondo anauweza bila mpira, bila viatu na bila kufundishwa. Basi tafuta katika kazi yako kitu kimoja ambacho mtoto anaweza kukiiga. Usikibuni kwa nguvu. Mara nyingi tayari unacho, na wenzako wanakucheka kwacho.

Jina moja, liandikwe namna moja

Sehemu hii inaonekana ya makarani, lakini ni hapa ambapo sifa nyingi za Congo zimevuja. Mwaka 1972 serikali ilipowataka raia waache majina ya Kikristo, watu waliokuwa wamejulikana tayari walilazimika kujulikana upya. Jean Bosco Mwenda akawa Mwenda wa Bayeke, na hadi leo mtu anayezitafuta nyimbo zake inambidi ajue majina yote mawili. Mwanafalsafa Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941, alipata ufumbuzi mwerevu ambao ninawapendekezea wote: Valentin-Yves aligeuka Vumbi Yoka, lakini juu ya vitabu herufi zilibaki V. Y., na msomaji hakupotea njia.

Chagua basi leo namna moja ya kuandika jina lako, pamoja na mpangilio wa jina la baba, jina la ukoo na jina la ubatizo, kisha usiibadilishe. Kama unaandika Tsh, usiandike kesho C. Jina la utani likishakuzidi nguvu, liambatanishe na jina la karatasi kila unapochapisha, ili siku moja mtu aweze kuviunganisha vyote viwili.

Tia sahihi na tarehe kwenye kila kitu. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa zamani wa migodi iko picha ya kikosi cha kazi: wanaume wamesimama safu mbili mbele ya ukuta wa matofali, wa mbele wamechuchumaa, kofia zimewekwa magotini, mmoja amefumba macho kwa sababu ya jua, na nyuma ya picha hakuna neno isipokuwa muhuri wa studio. Babu alipokuwa hai aliwajua wote. Sasa anayejulikana ni babu peke yake, wengine wamekuwa "wenzake". Chukua kalamu ya risasi, isiyopenya karatasi, uandike nyuma majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka. Kwa nyimbo zilizo kwenye simu au kompyuta, jaza nafasi za mtunzi, mpigaji na mwaka, kwa maana faili yenye jina la "wimbo mpya 2" haitamtangaza mtu yeyote.

Weka watunzaji

Hakuna jina lililojitunza lenyewe. Wafalme wa Waluba walilielewa hili kuliko serikali nyingi za leo. Chama cha Mbudye kilikuwa na kazi ya kuihifadhi historia ya ufalme, na wajuzi wake walitumia lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga na kauri, ambacho msomaji alikigusa kwa kidole kutoka ushanga hadi ushanga huku akisimulia safari za mashujaa, orodha za wafalme na mahali patakatifu. Mfalme alipokufa, makao yake yaligeuzwa kuwa mahali pa roho yake, na mwanamke aliyeitwa Mwadi aliteuliwa kuibeba roho hiyo, akiishi pale na wahudumu wake kama mtawala. Hiyo ni gharama kubwa. Waluba waliilipa kwa sababu walijua kwamba kumbukumbu isiyo na mtu anayeishi kwa ajili yake huisha pamoja na waliokuwapo.

Wewe huna ufalme, lakini unahitaji mtunzaji wa kila aina kati ya tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi, ambaye tumekwisha kumtaja. Wa pili ni taasisi. Wa tatu ni mtu wa mbali asiye na sababu ya kukupenda.

Mfano bora wa huyu wa tatu ni wa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kama wenzake wengi, picha za kutundikwa sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu, akamweleza kwamba yeye hasa alitaka kuichora historia ya nchi nzima. Zilitoka picha 101, na kwa kila moja mchoraji alieleza kwa Kiswahili, mbele ya mashine ya kurekodi, kilichotokea na kwa nini. Mapema katika miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, na habari zake zikakatika. Picha zake za sebuleni zilichakaa kwa moshi na jua kama za wengine. Zile 101 zilikaa pamoja na maneno yake, na watafiti wa dunia nzima humnukuu hadi leo kama mwanahistoria, yaani kama alivyotaka kuitwa. Kilichomwokoa ni maelezo. Kwa hiyo usiuze wala usitoe kazi yako bila maneno: simulia kwa sauti ulikusudia nini, ulimwiga nani, ulimkataa nani, na uyahifadhi maneno hayo pamoja na kazi.

André Yav naye alikuwa mfanyakazi wa nyumbani wa Wazungu. Mwaka 1965 aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Élisabethville kama walivyoiona waliopika, waliofua na waliofungua milango, na karatasi zake zilizopigwa taipu zikatolewa nakala. Kuhusu maisha yake yanajulikana machache. Nakala moja iliangukia mikono ya watafiti, ikachapishwa mwaka 1990, na tangu hapo haiwezekani kuandika kwa uzito juu ya Lubumbashi ya zamani bila kumtaja. Angeandika nakala moja tu na kuifungia sandukuni, tusingekuwa naye.

Toa nakala tatu, basi, na uziweke chini ya mapaa matatu tofauti. Moja ibaki nyumbani. Moja uipeleke kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kwenye makumbusho ya taifa hapa mjini, ukaombe karatasi ya kuthibitisha kwamba imepokelewa. Nyingine uitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu si hifadhi. Simu huibwa kituo cha basi.

Jumuiya ya dini pia ni mtunzaji wa nguvu, pengine kupita zote. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, na mwaka 2007 aliuawa kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kipite mpakani. Hakuacha wimbo, picha wala kitabu. Lakini alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, na wenzake hawakuacha kumtaja, mpaka Juni 2025 alipotangazwa mwenyeheri huko Roma. Simtaji kama mfano wa kuiga kwa ajili ya sifa, jambo ambalo lingekuwa matusi kwake. Ninamtaja ili uone kazi ya watu wanaolishika jina kwa miaka kumi na minane bila kuchoka.

Kuhusu ndugu na wivu

Jina likianza kusikika, watu watadhani una pesa. Huu si utabiri. Mchoraji akitajwa redioni mara moja, Jumapili inayofuata atakuwa na wageni wa ukoo mlangoni, na bukari, yaani ugali, itapikwa mara mbili. Sema mapema na waziwazi unachokipata, hata kama aibu inakukamata, kwa sababu ndugu anayedhani umeficha mali hawezi kuwa mtunzaji wako mwema, naye ndiye atakayebaki na masanduku yako. Kuhusu majirani watakaosema umetumia dawa, endelea na kazi.

Karatasi ya matanga na urithi

Kwenye matanga yetu huwa panasomwa maisha ya marehemu. Mara nyingi mpwa mmoja amekesha akiyaandika kwa kuulizauliza, na asubuhi anasoma kwa haraka tarehe ya kuzaliwa, shule, vyeo, na idadi ya watoto na wajukuu, huku waombolezaji wakinong'onezana juu ya gari litakalowapeleka makaburini. Kisha anasimama mzee asiye kwenye ratiba, anasimulia jinsi marehemu alivyoitengeneza pampu ya maji ya mtaa kwa waya wa baiskeli, na uwanja mzima unanyamaza. Andika karatasi yako mwenyewe ukiwa na afya. Kurasa mbili zinatosha. Vyeo viwekwe katika mistari mitatu. Nafasi iliyobaki ipewe mambo mawili au matatu uliyoyafanya kwa mikono yako, kila moja likiwa na mahali, mwaka na majina ya waliokuwapo.

Mwisho, amua nani atakuwa na sauti juu ya kazi zako. Sheria ya Congo ya tarehe 5 Aprili 1986 inailinda haki ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na muda huo wote mchapishaji, mwandaaji wa maonyesho au mtu wa redio atahitaji ruhusa ya warithi. Kama ni mwanamuziki au mwandishi, jiandikishe katika SOCODA, shirika la haki za watunzi, ungali hai, kwa kuwa kuwaandikisha marehemu ni safari ndefu ya ofisi hadi ofisi. Halafu uandike wosia unaomtaja mtu mmoja, na wa pili wa kumrithi, mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya wote, hata kama mapato yatagawanywa kwa watoto wote sawasawa. Usimchague mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mchague yule anayejibu barua. Mchapishaji akikuta warithi kumi na wanane wanaotakiwa kutia sahihi, wawili wako Kolwezi, mmoja yuko Ubelgiji na wengine wawili hawasemezani tangu mazishi, atafunga faili na kuchapisha kazi ya mtu mwingine.